Silabi Juu ya Chanja la Ndagala

Kila asubuhi ufukweni Rumonge, mama mmoja muanika ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, hugonga chanja kwa kidole chenye magamba, akikata Kifaransa silabi kwa silabi: nous t'at-ten-dons, tunakungoja. Alisomea kwa Kiswahili ukimbizini Tanzania, kwa hiyo alizoea kutamka kila herufi anayoiona. Jirani yake Yudita, mwalimu, alimrekebisha miezi mingi: “Mama, iyo s ya mwisho hatuisemi.” Sasa ulimi umenyooka. Lakini jana mjukuu wake wa Ubelgiji, asiyejua Kiswahili, alipopiga simu, Yudita alimsikia mama akitamka taratibu: “No-u-si ta-ten-don-si.” Mtoto akacheka, akacheka tena. Yudita akamkazia mama macho. Mama akafunika simu kwa kiganja. “Wacha tu, mwalimu. Nikisema muzuri, anajibu na kukata simu.”