Mtani Alipolala Kaburini

Siku tulipomzika babu nilimlilia kwa jicho moja tu. La pili lilikuwa likimchunga fundi cherehani aliyetaka kunioa.

Alikuwa Mnyamwezi, Mkatoliki kama sisi, akishona kwenye baraza la duka la Waislamu mjini Sumbawanga. Baba yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo neno la mwisho juu ya ndoa yangu lilikuwa la baba mkubwa, naye alikuwa hajalitamka. Mgeni, alisema, humjui mpaka umwone msibani. Basi fundi akaja msibani.

Nilimsihi akae kimya. Nilikuwa na sababu. Babu na baba mkubwa waligombania shamba la ulezi, kisha babu akaugua, na kijijini watu walikwisha anza kuulizana chini chini ni nani aliyemloga. Neno hilo kwetu si la kuchezea.

Kaburi lilipokuwa tayari, kabla mwili haujashushwa, fundi akavua viatu, akarukia shimoni, akalala chali.

"Sitoki!" akapaza sauti. "Nawajua ninyi Wafipa. Nikigeuka tu, mtamfukua mzee mumle. Halafu mna choyo! Wageni mnatupa dagaa wa Kirando, na kuku wanapita hapa wamenona. Nileteeni kuku, au mnizike naye!"

Wanaume waliowahi kwenda Tanga kukata mkonge wakaangua kicheko. Huko kambini Wanyamwezi na Wafipa walikuwa watani. Mtani wako akifiwa, unakwenda kulisema kabila lake mpaka acheke huku analia, naye anakutuliza kwa kuku. Usipokwenda, umemtupa. Lakini wale ambao hawakuwahi kutoka Ufipa walisikia jambo jingine kabisa. Walisikia mgeni akisema mchana kweupe, mbele ya maiti, yale waliyokuwa wakinong'ona wao. Walikuwa majirani, wanalima pamoja na kunywa pombe ya ulezi chungu kimoja, na sasa nusu walikuwa wakijishika mbavu na nusu wakitafuta fimbo.

Nilimtazama baba mkubwa. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Akaokota jembe. Nikasema moyoni, kwisha habari yangu. Nilimchukia fundi, nikamhurumia, nikatamani ardhi inimeze, ila shimo lenyewe alikuwa amelilalia yeye.

Bibi alikuwa ameketi chini, shuka kichwani. Babu alikata mkonge ujanani, na visa vya watani wa kambini alimsimulia mkewe maisha yake yote.

"Toka humo, Mnyamwezi," bibi akasema bila kuinua uso. "Tungetaka kumla, tungemla alipokuwa na nyama."

Hapo wakacheka hata wasiojua wanachekea nini. Kuku akaletwa. Baba mkubwa alilishusha jembe polepole, lakini yeye hakucheka.

Ndoa aliikubali, nadhani kwa sababu bibi hakumpa nafasi ya kupumua. Miaka iliyofuata aliitikia shikamoo ya mume wangu, basi. Kila tulipokwenda kumsalimia niliuchunguza uso wake kama mtu aliyeanika ulezi anavyochungulia mawingu. Sikuwahi kujua kama amesamehe, na chakula cha nyumba ile hakikuwahi kunishuka vizuri.

Kisha naye akafariki.

"Safari hii sisemi neno," mume wangu aliniambia njiani. "Hakuupenda utani wangu. Na sasa mimi ni mkwe. Nitamheshimu."

Nilimshukuru Mungu. Pale makaburini alisimama kando, kofia mkononi, mpole kupita kiasi. Lakini hofu yangu haikutulia, maana watu walikuwa wakimtupia macho, wale wa mkonge na wale wasiotoka, wote. Hata wachimbaji walikawia, wameegemea majembe yao, wanamtazama. Nikadhani wanakumbuka yale ya zamani na hasira zimewarudia. Nikasogea karibu naye. Mwishowe wakaushusha mwili, wakafukia.

Ndipo mama mkubwa, mjane wa marehemu, akaja akasimama mbele yetu.

"Mkwe," akamwuliza mume wangu, "mwenzangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu, mama."

"Basi mbona umemwacha aende hivi hivi?" Akaonyesha nyumbani, ng'ambo ya njia. "Jogoo tumemfunga pale mlangoni tangu asubuhi. Alimchagua mwenyewe akiwa mgonjwa. Alisema, 'Awe mkubwa, yule Mnyamwezi asije akasema tena Wafipa tuna choyo.'"

Mume wangu aliligeukia kaburi. Lilikuwa limekwisha kufukiwa, na kule mlangoni jogoo alikuwa bado anavuta kamba.