Kisu Alichochaguliwa Mama

Mpaka leo hii, nikimkuta mwanaume dukani anamchagulia mwanamke kisu cha kazi, damu inanipanda. Anakigeuza juani, anapitisha kidole kwenye makali, anasema "hii ni kali," basi, amemaliza. Mwanamke amesimama pembeni na mkono wake, ule utakaokishika kisu siku nzima, na hakuna anayeuuliza huo mkono kitu. Siku hizi nanyamaza, umri umenifundisha. Zamani sikunyamaza, na haikusaidia.

Kisu ninachokisema kilikuwa cha mama yangu. Tulikaa Hewa Bora, Lubumbashi, miaka ile ya Zaire ambapo kila mwanaume aliitwa citoyen, yaani raia, na Jumamosi asubuhi wote tulitoka kufanya salongo, kuzibua mitaro ya mtaa, utake usitake. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yetu mkubwa, ambaye sisi tulimwita yaya, alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, katika karakana ya mgodi, na kwa desturi ya nyumbani yeye ndiye aliyekalia kiti cha baba, alichokihamishia nyumbani kwake. Nasema kiti chenyewe, cha mbao, chenye mikono, ambacho mtu mwingine hakuthubutu kukikalia. Akishakaa pale neno lake lilikuwa neno la baba, na hata mama aliyemzaa alimjibu kama baba, "Ndiyo, tata."

Mama alikuwa na shamba kwenye njia ya Kipushi, katika ardhi ya ukoo wake. Alipanda mihogo, mahindi na maboga. Yaya alilichukia shamba lile kama deni. Alivaa abakosi, lile koti la wakubwa wa Zaire, iliyopigwa pasi, akasimama barabarani na wakubwa wenzake, halafu mama huyo anatokea na kapu la sombe, majani ya muhogo, kichwani na viatu mkononi, anamsalimia kwa sauti. Aibu ya watu ilimla. "Mama, utakula kwangu," alikuwa akimwambia. "Unatafuta nini kule? Bantu beko nasema mutoto yake hamulishi." Mama hakutaka kulishwa. Alijua kwamba anayelishwa huomba ruhusa hata ya kwenda kumwona ndugu yake mgonjwa. Shamba lile ndilo lililompa chakula chake na neno lake. Akiliacha, angebaki kukaa kwenye ua wa mwanawe akingoja sahani, na yaya alilijua hilo vizuri sana.

Sasa kisu cha zamani cha mama kilikuwa kimelika kwa kunolewa mpaka kimebaki kama mkia wa panya, na mvua zilikuwa karibu. Shambani bila kisu huna mikono. Ndicho kinachokata miti ya muhogo ya kupanda, kinachopasua kuni ndogo, kinachochuna maganda ya mti ya kufungia mzigo, kinachochinja kuku mgeni akija. Panga ni kubwa mno kwa kazi hizo, na kisu cha jikoni ni mtoto. Mama alitaka cha kati: bapa la urefu wa mkono wake kutoka kifundo mpaka ncha za vidole, mgongo mnene unaoweza kupigwa na kipande cha mti, na chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Cha kukunja hakutaka hata kukiona. "Ile ya kukunja," alisema, "siku moja itakukunjia bidole."

Tulizunguka madukani mjini, mimi na yeye. Katika duka moja alichukua kisu kinachong'aa, kimetoka Ulaya, akakitikisa karibu na sikio lake. Mpini ukalia tiki tiki. "Iko na jino tu mule ndani, haina muzizi," akaninong'oneza. Muuzaji akamwona, akapayuka, "Mama, hii ni kisu, haiko redio!" Tulicheka mpaka tukafika kituo cha basi.

Tukaenda kwa fundi wa kufua chuma, mtaani kwetu. Yeye alifua visu kutokana na resori, yale mabamba ya chuma yanayokaa chini ya lori na kubeba uzito wake. Kimoja kilikuwa tayari, hakina mpini bado, cheusi, kibaya kutazama. Mama akachomeka ncha yake kwenye gogo, akaegemea kwa nguvu zake zote. Kisu kikapinda. Akakiachia, kikarudi sawasawa. Akarudia upande wa pili. Akakishika, akafumba macho, akakata hewa mara kadhaa kama mtu anayeonja mboga. "Njo hii," akasema, ndiyo hii hasa. Nilimwona amefurahi, na mama hakuwa mtu wa kufurahia vitu.

Fundi akasema vizuri, atakitia mpini, ila mwanaume wa nyumba aje kukiagiza. "Sifanyiake mwanamuke kisu bila mwanaume yake kujua," alisema. "Kesho ikileta maneno, batasema ni fundi." Desturi gani hiyo, jamani? Jembe tulinunua wenyewe, shoka tulinunua wenyewe, lakini kisu, hapana, lazima suruali ije ikisemee. Nilitaka kumjibu, mama akanivuta. Tukaenda nyumbani kwa yaya, mama akamweleza kwa unyenyekevu wote: kisu kiko kwa fundi, cha resori, ameshakijaribu, kinachobaki ni kwenda kusema ndiyo.

Yaya alicheka. "Resori? Resori ni ya kubeba matako ya kamyo! Shiye ni bantu ya mine, mama. Nitakuletea chuma ya mine."

Ugonjwa huo wa kuabudu mine, mgodi, tulikuwa nao wote wa mji ule, siwezi kumlaumu yeye peke yake. Kitu kikitoka mgodini, basi kina baraka: buti za mgodini, sabuni ya mgodini, hata gunia tupu la mgodini lilikuwa bora kuliko gunia la sokoni. Yaya aliokota kipande cha chuma cha kutobolea mwamba, kilichokwisha kazi na kutupwa, akampelekea fundi. Chuma hicho ni kigumu, sikatai, kinaingia ndani ya jiwe. Lakini kazi yake ni kwenda mbele tu ndani ya mashine. Kisu cha shambani kinapigwa, kinazungushwa, kinabanwa kwenye mti na kuchomolewa kwa hasira. Fundi alijua kwamba chuma kisichopinda huvunjika. Alikipokea chuma kile, akakifua, akakichovya kwenye maji kikiwa chekundu ili kizidi kuwa kigumu, kama yaya alivyotaka. Na kile alichokichagua mama akamwuzia mtu mwingine.

Jumapili yaya akaita watu kwake. Pombe ikanywewa, yeye yuko kwenye kiti, hotuba ndefu. Kisu kikatolewa ndani ya kitambaa. Kilikuwa kizuri kwa macho, sitadanganya, cheupe kama kijiko kipya. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Halafu akalisukuma bapa kwa gumba, akasema polepole, "Tata, hii haiinamake."

"Kisu kuinama!" Yaya akawageukia wageni. "Mumusikie mama! Kisu ya kuinama ni ya kufanya nini, kusalimia bantu?" Wakacheka mpaka wakapiga mapaja. Nikasimama, nikasema, "Yaya, mama alishachagua yake. Juu ya nini haukumuletea ile?" Akanitazama kama nimemwaga pombe. "Mudogo, ikala chini. Baba iko nasema." Mama akanifinya mguu, nikakaa. Kwetu, kitu kilichotolewa na aliye kwenye kiti kile hakirudishwi mbele za watu. Ukikirudisha umemwambia yeye si baba, na utampelekea kuku na maneno ya kuomba radhi. Wala hununui kingine ukakiweka kando yake. Mama alilijua hilo, na yaya alijua kwamba mama analijua. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini siku ile sikio lilikuwa la yaya na kilichokwenda kufa kilikuwa cha mtu mwingine.

Tulikwenda shambani mvua za kwanza zilipolowesha udongo. Mama alikata miti ya muhogo asubuhi yote, na kisu kilikata vizuri, hata nikaanza kujiona mjinga. Mchana alitaka kupasua tawi kavu la kuni. Akaweka kisu juu yake, mkono wa kuume kwenye mpini, akakipiga mgongoni kwa kipande cha mti kama alivyofanya maisha yake yote. Kisu kikavunjika kama sahani. Nusu ya bapa ikabaki kwenye tawi. Mkono wa kuume, bado umeshika mpini, ukaenda na ule uzito wa kupiga, ukashukia kwenye ile nusu iliyosimama, ikamkata chini ya kidole gumba.

Mama yee! Sitaielezea damu. Nilipasua kitenge changu, nikafunga, nikamwegemeza mpaka barabarani, na lori la makala, makaa ya kupikia, likatubeba. Njiani hakulia. Alisema neno moja tu, alilirudia: "Nilisema. Nilisema." Mimi nililia kwa niaba yake, na nilimtukana yaya kwa sauti mbele ya wabeba makala, matusi ambayo binti hatakiwi kuyajua.

Zahanati walimshona. Kidonda kilipona, gumba halikupona. Kano lilikuwa limekatika, na tangu siku ile kidole kile kilisimama nje kama mgeni asiyekaribishwa, hakikukunjika tena.

Na yaya? Mnadhani alikuja kuomba msamaha? Alikuja na biskuti. Akakaa, akapumua, akasema, "Mama, ulipiga mubaya. Kisu haipigwake na muti." Yeye, ambaye hajawahi kupasua hata kijiti cha kuwashia moto! "Na miaka imeenda, mama. Nguvu hakuna tena. Shamba, sasa basi." Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mtu anavyoweza kukuvunja mkono halafu akautumia huo mkono kama ushahidi. Nilimfokea mpaka majirani wakaja mlangoni. Nilimwambia amlipe mama gumba lake. Akasema mimi ni mtoto asiye na adabu, na ndiyo maana sijaolewa.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa fundi. "Ulijua?" nikamwuliza. Hakukana. "Nilijua," akasema. "Lakini yaya yako ni muntu mukubwa. Ningemuambia nini?" Nikamwambia angeweza kumwambia hapana, neno fupi, halihitaji moto wala nyundo. Akashika mivukuto yake, akaanza kupuliza moto ambao haukuwa na kitu ndani.

Sikwenda kwake tena. Nilitafuta mahali pengine, nikampata mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa Maniema, aliyeuza pembeni ya soko zana zilizokwisha kutumika. Nilimpeleka mama pale mwenyewe. Safari hii haikuwa kutafuta bapa tu. Mkono wa kuume haukuweza kubana kitu, kwa hiyo ilibidi tuchague kwa ajili ya wa kushoto, mkono ambao haujafundishwa kazi. Mpini uwe mnene, uwe na tumbo la kujaza kiganja, na mwisho wake uwe na kinundu ili usiteleze. Mama alishika visu vingi, akavirudisha, na mzee yule alimwachia nafasi bila kumsemesha. Alipopata kile kilichotulia mkononi, alikichomeka kwenye kasha la mbao, akakiegemea, kikapinda, kikarudi. Akakifunga ndani ya kitenge, akakificha chini ya kapu lake. Alijua ameivunja desturi.

Lakini kisu si shamba. Wiki ile ile yaya akaita ukoo tena kwake. Siku za kikao tulikula pamoja, sahani kubwa ya bukari, yaani ugali, katikati, kila mtu anamega kwa mkono. Kabla ya kula yaya akatangaza kutoka kwenye kiti: shamba la mama atapewa mjomba wa mke wake, alilime, mama atahamia hapa, atalala chumba cha nyuma, atapumzika. "Kila siku utakula bukari yangu, mama," akasema, na watu wakaitikia kwamba ni mtoto mwema kabisa. Mjomba huyo alikuwepo, ameshaanza kushukuru. Mke wa yaya akamwekea mama kijiko, kijiko cha mtoto, kwa kuwa mkono wake wa kuume haukuweza kumega.

Mama akakisogeza kijiko kando. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaupeleka katikati ya sahani ya wote, akamega.

Kwetu mkono huo ni wa chooni. Hata mtoto mdogo anachapwa. Wote wakaacha kula, shangazi mmoja akaziba mdomo, na yaya akaruka kwenye kiti chake. "Mama! Mukono ya kushoto? Mbele ya bantu?"

Mama akachovya tonge kwenye mchuzi wa sombe. Hakupandisha sauti.

"Ile ya kuume," akasema, "njo weye ulikula."

Akatafuna, akameza, akamgeukia yule mjomba. "Na shamba ni ya kwetu, ya ukoo yangu. Kesho asubuhi niko naenda kupanda." Mjomba akatazama chini. Yaya akashuka kwenye kiti, akatoka uani, na hakuna aliyemfuata.

Mama alimega tena kwa mkono ule ule, mpaka akashiba.