Divai Niliyosingiziwa Kunywa

Nilimpikia Padre miaka kumi na tisa, na vitambaa vya altare nilifua mimi. Alikuja parokiani akiwa bado kijana, mtu wa pikipiki na sauti nzito, akizika hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga kanisani. Hilo simnyimi.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kijiko kikawa kinagonga sahani, nami nikawa namkatia nyama jikoni ili wageni wasione. Daktari alimwambia ugonjwa ule unakwenda mbele tu. Akaniambia, "Dada, Askofu akijua ataniondoa altareni. Funga mdomo."

Nikaufunga. Mjinga mimi.

Kabla ya misa alijimiminia divai mwenyewe kwenye sakristia, chumba cha kuvalia nyuma ya altare, mlango umefungwa, na nusu iliishia sakafuni. Mimi nilipiga deki. Chupa za mwezi mzima zikawa hazimalizi wiki mbili. Mwenyekiti wa parokia, mpekuzi wa kila kabati, akanikuta na tambara linalonuka divai.

"Ala! Mama Jikoni, kumbe wewe unakomunika kabla ya misa?"

Wanakwaya waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Nikamgeukia Padre. "Baba, si useme?"

Akatia mkono mfukoni. "Tuyaache kwa amani."

Jumapili hiyo ikatangazwa mbele ya waumini wote kwamba mpishi ameachishwa kwa ulevi. Mimi, ambaye hata harufu ya pombe inanichefua! Mkwe wangu akamkataza binti yangu kuniletea wajukuu.

Miaka miwili ikapita. Askofu alishamtoa altareni, na sasa hata kijiko hashiki. Wapishi watatu walimkimbia. Mwenyekiti akaja kwangu, kofia mkononi. "Mama, anasema anakutaka wewe tu."

"Aseme kwanza palepale niliposemwa."

Alisema. Walimsukuma na kiti cha magurudumu hadi mbele, akavuta neno mojamoja: "Divai niliimwaga mimi. Huyu mama hakuionja. Nilinyamaza kwa kuogopa kuondolewa." Kanisa zima lililia. Walimlilia yeye! Wakapanga foleni kumbusu mkono. "Unyenyekevu gani huu, Baba!" Mimi walinipita kama nguzo.

"Basi yameisha," mwenyekiti akaniambia. "Uji wake uko jikoni."

"Kamnyweshe wewe."

Mkwe wangu alikuwa benchi la nyuma, kichwa chini. Nikasimama mbele yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Wajukuu wangu wako wapi?"

Akatangulia njia, nami nikamfuata.