Kori Nne, Kori Nane na Harusi ya Buswelu

Nakumbuka Jumapili moja ambayo ningependa kuisahau, ila nyinyi vijana hamniachi niisahau. Niliaibika mbele ya kamati nzima ya harusi kule Buswelu, hapa hapa Mwanza, kwa sababu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Na haipiti wiki bila mmoja wenu kunitumia picha kwenye simu, prosesa mbili kuukuu zimelazwa juu ya meza, na chini yake maneno matatu: "Mzee, ipi kali?" Hasalimii. Hasemi anaitaka ya nini. Ipi kali! Kana kwamba tunachagua pilipili.

Nimechoka, mwanangu. Nitakujibu, ila kwa njia ndefu, kwa sababu kwa njia fupi nimeshawajibu na hamkusikia.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi sikuokota ujuzi wangu kwenye video za mtandaoni. Nilibeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni mpaka nikapata nauli ya kwenda India, nikasoma huko, nikafanya vibarua huko huko, nikarudi na stashahada ya ufundi wa kompyuta. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifungua duka Kirumba na nikaitundika stashahada juu ya kaunta, mahali ambapo hata aliyekuja kuchaji simu lazima aione. Hilo silijutii hata leo. Ninayojutia ni mengine.

Mwaka ule wa kwanza aliingia dada mmoja aitwaye Kabula. Alikuwa anapiga video za harusi, na wakati huo hapa kwetu kazi hiyo ilikuwa ya wanaume watupu. Alikuwa amepata harusi kubwa kuliko zote alizowahi kupiga. Mwenyekiti wa kamati ya harusi hiyo, Mzee Magesa, mwenye mitumbwi ya mizigo ya Ukerewe, alikuwa amemwambia hivi: video ikiwa tayari siku ya kuvunja kamati, na ikipendeza, basi harusi ya mwanawe ya Desemba ni ya Kabula. Na unajua kuvunja kamati kulivyo. Watu wamechanga, wamekimbizana miezi mitatu, sasa wanataka kula, kucheza, na kujiona kwenye video kabla hawajatawanyika. Video isipokuwepo siku hiyo, hakuna anayeitaka tena.

"Kaka, nataka mashine ya kazi," Kabula aliniambia. "Ya kukatia na kuunganisha video. Niliyonayo inakata roho."

Nilikuwa na mbili juu ya meza, zote za mitumba. Moja ilikuwa na prosesa ya kori nne zenye mwendo mkali. Nyingine ilitoka kwenye ofisi fulani iliyofungwa, prosesa yake ya kori nane, lakini kila kori ya mwendo wa taratibu. Kori, kama hujui, zichukulie kuwa ni mafundi waliomo ndani ya prosesa moja. Ile ya kwanza ilikuwa na mafundi wanne wepesi. Ya pili mafundi wanane wazito wazito.

Mwanamke alikuwa ameshaniambia kazi yake kwa Kiswahili kizuri kabisa. Mimi nikafanya nini? Nikawasha gemu ya mpira.

Ndivyo tulivyokuwa tukipima kompyuta mtaani kwetu siku zile, na wengine bado mnapima hivyo hivyo mpaka leo. Vijana wa bodaboda wa pale nje wakajaa mlangoni. Kwenye kori nne mpira ukateleza kama siagi. Kwenye kori nane ukawa unakwamakwama.

"Hiyo ya nane ni gari la taka!" mmoja akapiga kelele. "Mwone beki, anakimbia kama amebeba tofali!"

"Gemu haidanganyi," nikasema, mikono kiunoni.

Kabula akauliza taratibu, "Lakini kaka, mimi sichezi mpira. Video je?"

"Dada yangu, anayekimbia hivi atashindwa kutembea?"

Vijana wakacheka. Kabula akatazama stashahada ukutani, akanitazama na mimi. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma." Akaichukua ile ya kori nne.

Jumamosi, siku moja kabla ya kuvunja kamati, akanipigia simu. Alikuwa amemaliza kuikata video, sasa mashine ilikuwa inaitengeneza iwe faili moja la kuonyesha.

"Kaka, asubuhi iliniambia zimebaki saa kumi na moja. Sasa hivi inasema kumi na tisa."

"Iache. Usiiguse."

"Sijaigusa tangu jana. Hata vumbi naogopa kulifuta."

Ningekuwa na akili ningeubeba ule mtambo wa kori nane nikampelekea siku ile ile. Sikuubeba. Nilijiambia mimi ndiye msomi, mashine yangu itajirekebisha yenyewe.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Buswelu, kwa sababu Kabula aliniomba niwepo. Nilivaa shati lililopigwa pasi, nikidhani nitabonyeza vitufe viwili watu wapige makofi. Nikakuta shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta inawaka, na kwenye shuka hakuna kitu. Pilau ilishaliwa. Mshereheshaji alishamaliza utani wake wote, akawa ameanza kuurudia. Kompyuta ilikuwa ya moto, inavuma, na haijafika hata nusu.

Mzee Magesa akanyanyuka. "Kijana, mashine hii ni yako?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni yako?"

Hapa ndipo nilipoharibu, mwanangu. Kuuza mashine isiyofaa ni kosa la kazi, na mtu hurekebisha. Lakini watu arobaini walikuwa wananitazama, na mimi nimetoka India. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Mzee, mashine ni nzima kabisa. Labda dada bado hajaizoea."

Nikasikia minong'ono. Mama mmoja akasema, "Si nilisema tumtafute mwanaume?" Kabula aliinuka, akazima projekta. Alianza kulikunja shuka lake, pembe kwa pembe, polepole, huku watu wanaangalia.

"Uliipimaje kabla ya kumpa?" Mzee Magesa akaniuliza.

"Kwa gemu ya mpira, mzee."

"Kwani kwenye harusi tulifunga mabao?" mtu akauliza kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alinishika kiwiko, akanitoa nje.

"Nina injini mbili pale Mwaloni," akasema. "Ya mtumbwi wa mizigo ni nzito, ina nguvu. Ya boti ya abiria ni nyepesi, inakimbia. Nikiifunga kwenye mtumbwi wenye magunia ya dagaa, hautoki hata hapo ufukweni. Fundi wangu aliishia darasa la saba, lakini hajawahi kunipa injini bila kuuliza itabeba nini. Na injini ikigoma, hamsingizii nahodha." Akaniachia kiwiko. "Harusi ya mwanangu nitampa mtu mwingine. Siwezi kuwalazimisha wanakamati wamwamini yule binti baada ya uliyoyasema."

Jumatatu asubuhi niliupakia ule mtambo wa kori nane kwenye bodaboda nikaupeleka kwa Kabula. Hakunikaribisha kiti. Tukahamisha kazi, tukaiwasha saa tatu. Kabla ya chakula cha mchana, video nzima ilikuwa tayari. Wala si muujiza. Kazi ya video hugawanyika: kila fundi hupewa kipande chake, na wanane wazito wakaimaliza kwa kusaidiana. Wale wanne walielemewa, kumbukumbu ya mashine ikawajaa, prosesa ikachemka, na ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue; ndiyo maana saa zilikuwa zinaongezeka badala ya kupungua. Mpira wa gemu ile ulikuwa haugawanyiki hivyo. Fundi mmoja au wawili ndio waliobeba karibu kila kitu, kwa hiyo ulihitaji wenye mbio. Haya yote nilikuwa nimefundishwa darasani. Na somo hilo nilifaulu!

Nikaenda kwa Mzee Magesa. "Mzee, kosa lilikuwa langu. Kabula hakukosea chochote."

"Mimi najua tangu jana," akasema. "Waambie uliowaambia." Akanipa simu yake. Kundi la kamati la kwenye simu lilikuwa bado halijafungwa. "Wamo wote, na Kabula yumo. Ongea."

Nilirekodi sauti yangu mara tatu nikiifuta. Ya nne nikaituma: "Mimi ndiye fundi. Kabula aliniomba mashine ya video, nikampa ya gemu. Jana niliwadanganya ili nisionekane sijui. Kazi yake ni nzuri, itazameni." Kisha Kabula akatuma video.

Wakanicheka siku mbili. Mmoja akauliza kama stashahada yangu ni ya mpira. Lakini yule mama aliyetaka mwanaume ndiye aliyeandika kuomba namba ya Kabula, kwa kuwa alikuwa na binti wa kumfanyia sherehe ya kumuaga mwezi uliofuata. Harusi ya Desemba haikurudi. Kabula alikaa karibu mwaka mzima kabla ya kupata nyingine kubwa kama ile, na aliyempotezea mwaka huo ni mimi, si mashine.

Siku aliyorudi dukani, alitoa mkobani flashi yenye video zake akaniwekea mezani. "Leo tunapima kwa kazi yangu," akasema. "Na hao vijana wako wa mpira wakae nje."

Kwa hiyo, mwanangu, acha kuniuliza ipi kali. Niambie utafanya nini. Kama ni gemu, tafuta kori zenye mwendo, ila siku hizi usiende chini ya sita, maana gemu za sasa nazo zimejifunza kugawana kazi na nne zinahema. Kama ni video, ramani za majengo, au kazi yoyote ya kusubiri mashine imalize, chukua kori nyingi hata kama ni za taratibu, na uijazie mashine kumbukumbu ya kutosha, ile RAM. Kama unataka yote mawili kwenye prosesa ya zamani, kubali kwamba utakosa kidogo huku na kidogo kule, na usimlaumu fundi. Usinunue prosesa tupu iliyofungwa kwenye karatasi: hizi za maofisini zina ubao wake maalumu wa kuzichomeka, na ubao huo ukifa hapa Mwanza utautafuta mpaka uchoke. Njoo na kazi yako mwenyewe, tuiwashe, tukae tuisubiri wote wawili.

Na ukiwa fundi, sikiliza kabla ya kubonyeza. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale, kabla jina la mwenzako halijachafuka kwa sababu yako.

Mungu akupe mikono ya kazi na masikio ya kumsikia mteja. Akupe wateja watakaokuamini, na akuzuie usiwauze ili ubaki na heshima. Kazi zako zimalizike kwa wakati, na atakayesimama mbele za watu kwa kukutegemea wewe asiaibike. Amina.