Skrini ya Bluu na Mzee wa Trekta la Kijiji

Jamani, leo nimesimamishwa dukani kwangu mwenyewe.

Mzee mmoja wa Kigwa kaja steshenari kwangu, Tabora mjini, kuchapiwa kumbukumbu zake za kijiji cha Ujamaa. Alasiri anawasomea wanafunzi huko kwao.

Kila nikibonyeza nichape, skrini bluu! Kompyuta inazima, inajiwasha. Mara tatu.

Nikalaumu umeme. Nikalaumu vumbi (Tabora hii, nani atabisha?).

Mzee akauliza, "Mwanangu, nani aliigusa mwisho?"

"Mzee wangu, haya si mambo ya enzi zenu."

Akacheka. "Trekta la kijiji likigoma, tuliitana mkutanoni. Aliyeligusa mwisho anasimama, anasema alichofanya. Ndipo fundi anaanza."

Wateja wote wakanigeukia.

Nikasimama.

"Ni mimi. Jana nilipakua mtandaoni draiva, ile programu ya kuendesha printa, nikaiweka bila kuangalia kama ni ya printa hii."

"Haya, fundi aanze."

Fundi ndiye mimi huyohuyo! Nikaiondoa, nikaweka inayotakiwa. Kurasa zikatoka safi.

Mzee akaazima kalamu, akaandika chini ya ukurasa wa mwisho: "Aliyekosea alisimama."

Saa hizi shule nzima ya Kigwa inanijua.

Haya, na wewe simama: uliharibu nini ukasingizia umeme?