Viazi Alivyokula Shefu

Siku yangu ya kwanza kazini, mimi agronomu kijana, mtaalamu wa mazao, nilifika ofisini, biro ya kilimo, hapa Kalemie, nikiwa na kalamu mbili mpya kwenye mkoba. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alizitazama, akanipa fungu la vijiti. "Kalamu yako njo hii," akasema. Ninyi vijana wa simu mnacheka; mimi nilitaka kulia. Wiki iliyofuata nikapelekwa Pepa, kule juu Marungu kwenye baridi na ng'ombe, kutengeneza mbegu ya viazi mviringo.

Siku hizo kila mkulima alikula na kuuza vikubwa, akapanda vidogo vilivyobaki. Kumbe mmea mgonjwa mara nyingi huzaa vidogo tu! Basi kila msimu tulipanda ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe, halafu tukalaumu udongo. Njia ya Shefu haikuwa na maajabu: shamba likianza kutoa maua, tafuta mimea yenye nguvu, isiyojikunja majani, na kila mmoja usimamishie kijiti. Baada ya wiki mbili rudi. Uliougua, ng'oa kijiti chake. Mimea ya vijiti huchimbwa peke yake, na mbegu ni kile kiazi cha ukubwa wa yai, kinachopandwa kizima bila kukatwa.

Hakuna aliyenipa shamba ila Mama Kalunga, mjane mwenye mdomo. Majirani walimcheka, eti amepanda kuni. Shefu naye akatuma habari: atakuja siku ya mavuno, na asipoona mbegu ya kutosha, kazi ya vijiti inafungwa na mimi narudi Kalemie. Siku hiyo nilichimba pamoja na Mama Kalunga. Tulijaza kitunga kimoja kikubwa, kisha nikashuka barabarani kumpokea Shefu, maana gari lake lilikwama kwenye matope.

Tuliporudi, chakula kilikuwa mezani: maharagwe, na viazi vikubwa vyeupe vilivyopasuka kwa unga. Shefu alikula, akaongeza. Akapangusa mdomo, akaomba kuona mbegu. Hapo nikashtuka. Nikamwuliza Mama Kalunga tumekula viazi vya wapi.

"Vya kitunga cha vijiti," akajibu, hana hata wasiwasi. "Nimupikie Shefu viazi vya ugonjwa?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shefu akaweka kijiko chini, akauliza kama kuna kilichobaki.

"Ni vidogo tu, Papa. Mugeni hapewi vidogo."

Akaleta kitunga. Shefu akakimimina kwenye mkeka: yai, yai, yai, vyote vya mimea ya vijiti. Alicheka mpaka machozi. "Mama Agronomu," akaniambia, "wewe ulifundisha, lakini mwenye kuchagua ni huyu." Nilimkumbatia Mama Kalunga na vumbi lake lote, kwa furaha. Msimu uliofuata shamba lake lilisimama kijani huku ya majirani yananyauka, nao wakaja kuomba vijiti. Aliwaambia wakate vyao.

Baadaye nilihamishiwa Moba, nikafundisha kujenga vibanda vya mwanga, ambamo mbegu hulazwa juu ya rafu ili ichipue fupi na nene. Mashefu wakapita, wengine na karatasi nyingi kuliko viazi. Kazi niliipenda, siwafichi.

Nilipostaafu, biro ilinipa cheti. Kutoka Pepa ikateremka zawadi ya Mama Kalunga: gunia la viazi vikubwa, na juu yake kifuko cha vile vya yai. Dereva akanipa na ujumbe wake: "Vikubwa ni vya mugeni. Vidogo ni vya mwenye nyumba." Nililia mbele ya dereva, na sioni haya kusema.

Joto la Kalemie halipendi viazi. Mimi mwenyewe niliwafundisha watu hivyo miaka yote. Nimevipanda hata hivyo, nyuma ya jiko. Kimoja kimeota, na nimeshakisimamishia kijiti.