Mama aliyekataa kazi ya lodge ili asihitimu umaskini

Wakuu, habari za jioni.

Hii ninayoandika sikusimuliwa. Nilikuwepo, na karibu kila kilichosemwa hadharani kilipita kwenye spika yangu. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyo.

Nianze na hiyo spika. Naishi Rhotia, huku Karatu, na nakodisha spika, maiki na betri kwa misiba, harusi na mikutano ya kijiji. Mkutano ukianza nakaa pembeni, nazuia spika isipige mluzi, na nampelekea maiki anayetaka kusema.

Ukikaa pale pembeni unaona mengi. Unamwona anayenyoosha mkono halafu anaushusha kwa sababu jirani kamtazama.

Sasa twende.

Mwaka jana, mvua zikielekea mwisho, tuliitwa mkutano kuhusu mpango wa ruzuku kwa kaya maskini. Wengi mnaujua. Kaya iliyochaguliwa inapata hela kidogo kila baada ya muda, kwa sharti kwamba watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki.

Dada wa maendeleo ya jamii alikuja kutoka mjini. Alieleza kwamba kaya ambazo hali zake zimekuwa nzuri sasa zipendekezwe kuhitimu.

Neno ndilo hilo, wakuu. Kuhitimu. Ukionekana umejikwamua unatolewa kwenye mpango, unaambiwa umehitimu, na watu wanakupigia makofi. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza kutoka nyuma kama leo ni mahafali, mbona hakuna pilau. Watu wakacheka, hata yule dada akacheka.

Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Mama Safari.

Mama Safari ana watoto watatu. Mume wake anaponda kokoto kule korongoni. Yeye mwenyewe hajawahi kukaa bure tangu nimfahamu. Leo anapalilia shamba la mtu Ganako, kesho yuko kwenye vitunguu Mang'ola, msimu mwingine anachuma mboga kwenye bustani ya lodge moja ya watalii iliyoko njia ya kwenda lango la Ngorongoro.

Hapo kwenye bustani ndipo walipompenda. Wakamwambia msimu wa wageni ukianza aje ndani, kitengo cha kufua mashuka na mataulo, kwa mkataba. Habari ilikuwa imeshaenea kijiji kizima kabla hata hajapewa sweta ya kazi.

Mzee Tluway akaomba maiki. Huyu ni jirani yake kabisa, mashamba yao yanapakana. Ni mkulima, ana jembe la kukokotwa na jozi ya maksai. Alisimama, akavua kofia, akasema polepole:

"Mimi sina ugomvi na Mama Safari. Nauliza tu. Huyu mama yuko lodge. Mtu yuko lodge na bado anapewa. Mimi nalima tangu nikiwa kijana, sijapewa hata mara moja. Haki iko wapi hapo?"

Kwa wasiotoka Karatu, nifafanue kidogo.

Huku kwetu ukisema mtu "yuko lodge" umemaliza. Maana yake ana tip za dola, ana viatu alivyoachiwa na mgeni, mtoto wake anasoma English medium. Hakuna anayeuliza yuko lodge anafanya nini. Guide yuko lodge. Meneja yuko lodge. Anayeosha karoti nyuma ya jiko naye yuko lodge.

Lakini Mzee Tluway hakuwa na roho mbaya, na ningependa mumwelewe. Wakati wa kuchagua kaya miaka ya nyuma, jina lake lilitajwa likakatwa. Sababu ilikuwa bati. Alikuwa ameuza dume lake ili aezeke nyumba, baada ya paa la nyasi kuvuja masika nzima. Watu walipoangalia wakaona bati linang'aa, wakasema huyu anajiweza.

Alilirudia siku hiyo kwenye maiki: "Dume limeondoka, limebaki bati. Bati haliliwi wala halilimi."

Watu waliguna kumuunga mkono. Mimi mwenyewe pale pembeni niliona ana hoja. Kuna familia nyingi hapa zinazoamka kabla ya jogoo, zinafanya kazi, na bado hazifiki popote. Hazina ulemavu, hazina yatima, hazina nyumba ya nyasi. Kwa hiyo hazionekani. Halafu zinamwona jirani anapokea.

Mwenyekiti akamuuliza Mama Safari kama ana la kusema. Nikampelekea maiki. Aliishika mbali na mdomo kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, nikamwambia aisogeze. Hakujitetea. Alimgeukia yule dada.

"Dada, msimu ukiisha lodge wakanirudisha nyumbani, na nyie mtanirudisha?"

Yule dada alikuwa mkweli, nampa heshima yake. Alisema hapana, si moja kwa moja. Kaya ikishatoka inasubiri mpaka zoezi jingine la kutambua kaya, na hilo hajui litafanyika lini. Akasema utaratibu haupangi yeye.

Mama Safari akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Basi kazini siendi."

Akanirudishia maiki akakaa.

Zile kelele sikuhitaji spika kuzisikia. Mmoja akasema ndiyo maana hela za bure zinaharibu watu. Mwingine akasema huo ni uvivu. Uvivu, wakuu, kwa mwanamke ambaye mikono yake nusu ya watu wa pale waliwahi kuikodi.

Mkutano uliisha bila kaya yake kuguswa, kwa sababu bila ile kazi ya lodge hapakuwa na sababu ya kumtoa.

Nilipokuwa nakunja nyaya alipita akiwa na mwanawe mdogo mgongoni. Nikamuuliza kwa upole kama amefikiria vizuri, maana nafasi ya lodge haiji mara mbili. Hakukasirika. Alinieleza kwa utaratibu.

Alisema masika ikifika mume wake hauzi kokoto, kwa sababu lori haliingii korongoni. Vitunguu vinakuwa vimeisha. Wageni hawaji, ndiyo low season, lodge zinafunga. Mahindi bado mabichi shambani. Kila kitu kinafungwa kwa pamoja, na watoto wanakula kama kawaida.

"Ile hela ni ndogo, mdogo wangu," akaniambia. "Lakini haijui low season."

Basi. Akaenda zake.

Nafasi ile haikukaa wazi. Aliichukua Paskalina, binti wa Mzee Tluway, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na yupo tu nyumbani.

Na mimi nilifurahi, kwa sababu ni binti mwenye adabu na anajituma. Alipoanza kushuka barabarani na sweta ya kijani yenye nembo ya lodge, baba yake akapata jina jipya. Vijana wa stendi ya bodaboda wakamwita Mzee wa Dola. Akipita dukani wanamwambia anunulie watu soda. Alikuwa anacheka, na mara moja moja alinunua kweli.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo.

Nina rafiki anayelinda usiku kwenye lodge nyingine, kwao ni Piyaya, upande wa Ngorongoro. Nilimpa kisa hiki tukiwa tunakunywa chai. Akacheka, akasema kwao hawaulizi bati wala lodge, wanauliza mifugo. Mtu akionekana anachunga, basi ni tajiri. Kiangazi kikikaza, wale ng'ombe hawauziki, hawana maziwa, na wenyewe hawana cha kula. Ila mtu anatajwa kwa wingi wa pembe.

Nikaona kumbe kila mahali pana neno lake la kumfunga mtu mdomo. Kwetu lodge, kwao pembe.

Turudi Rhotia.

Mwaka huu masika ikaingia. Magari ya wageni yakapungua barabarani, kisha karibu yakaisha. Paskalina akarudi nyumbani, akaambiwa asubiri kupigiwa simu. Ile sweta ya kijani nikaiona shambani, ameivaa akipalilia kwenye manyunyu.

Mama yake alikuwa anaumwa tangu mwanzo wa mwaka. Maksai mmoja aliuzwa kwa ajili ya matibabu, na Mzee Tluway akabaki na mmoja, ambaye peke yake halimi.

Katikati ya hali hiyo tukaitwa mkutano mwingine. Safari hii ilikuwa kutambua kaya mpya. Jinsi inavyofanyika, jina linatajwa hadharani na majirani wanasema kama kweli kaya hiyo ina hali ngumu au la. Unasimama unasikiliza watu wakijadili umaskini wako.

Likatajwa jina la Mzee Tluway. Akasimama, kofia mkononi.

Kabla mwenyekiti hajauliza, yule kijana wa bodaboda wa pilau akasema kwa nguvu:

"Mwenyekiti, huyo binti yake yuko lodge."

Vicheko. Mwingine akadakia kwamba Mzee wa Dola naye anataka ruzuku, na sisi tupewe basi. Vicheko tena.

Mzee akanyoosha mkono, nikampelekea maiki. Akaileta mdomoni. Kwa muda kilichosikika kwenye spika kilikuwa pumzi yake tu, na vicheko vikaanza kufa vyenyewe.

Wakuu, nilitamani kuizima ile spika.

Ndipo ikatoka sauti upande wa akina mama, bila maiki. Mama Safari.

"Alikuwa lodge. Sasa yuko nyumbani. Asubuhi tumechota naye maji."

Kisha akamgeukia yule kijana. "Na wewe mdogo wangu, hiyo pikipiki ni yako au ya bosi? Tukisema huyu ana pikipiki, utakubali?"

Yule kijana akacheka kwa aibu, akaangalia chini. Kila mtu anajua pikipiki ni ya bosi wa mjini, na hesabu anayompelekea kila jioni haijali kama umepata abiria au mvua imekunyeshea kutwa.

Mzee Tluway bado alikuwa na maiki. Akasema:

"Mwaka jana mimi ndiye niliyesema Mama Safari yuko lodge. Nilikuwa sijauliza mpaka lini."

Akanirudishia.

Mwenyekiti akauliza wanaokubali kaya ya Mzee Tluway iingie. Mikono ikapanda, si yote, lakini mingi. Mmoja aliyekataa alisema wazi kwamba bado lile bati linamsumbua, na wapo wasio na bati. Hakuzomewa. Naye ana hoja yake.

Mpaka naandika hapa majibu hayajarudi. Majina yamepelekwa mbele kuhakikiwa. Kaya ya Mama Safari bado ipo kwenye mpango, na Paskalina bado anasubiri simu.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na sitaki kujifanya nina suluhisho.

Najua kapu la ruzuku haliwezi kumtosha kila mtu. Najua pia kuna watu wanapokea na hawastahili, hata kwetu wapo. Swali la Mzee Tluway la mwaka jana, kwamba familia inayofanya kazi na haifiki iende wapi, halijajibiwa na mtu yeyote. Na kwa kweli lilikuwa swali la haki.

Kosa tulilofanya ni kuligeuza kuwa ugomvi na jirani. Tulimwona Mama Safari kama ndiye aliyekalia nafasi ya Tluway. Tukaweka mambo kwa namna ambayo mama mchapakazi alilazimika kukataa kazi, kisha tukamwita mvivu kwa kuikataa.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kuuliza kama mtu ana kazi hakutoshi. Uliza mpaka lini. Huku kwetu karibu kila kazi ina mwezi wa kufungwa, na anayekwenda kujaribu msimu mmoja angeachiwa mlango wa kurudi. Sidhani kama watu wangekaa nyumbani. Nadhani wengi wangetoka kujaribu, kwa sababu wangejua wakikwama hawajapotea.

Wale wa vijiji vingine, na wale mliowahi kufanya kazi kwenye hizi programu, karibuni mnisahihishe pale nilipokosea. Ila mkija, nijibuni na hili moja.

Kwenu mtu wa kipato cha chini akipata kibarua cha msimu, anaambiwa hongera, au anaambiwa toka?